Je, Beatrice wa Divergent alichagua kweli, au alikuwa amekwisha kuchaguliwa?

#1 Kurasa Mia (mleta mada)
Wanajamvi, salaam. Nimesoma upya riwaya tatu za Veronica Roth, yaani Divergent ya mwaka 2011, Insurgent ya 2012 na Allegiant ya 2013, na kuna jambo linalonikera ambalo naomba tulijadili. Natahadharisha mapema kwamba nitataja mambo ya kitabu cha mwisho, kwa hiyo ambaye hajakifikia aamue mwenyewe kama ataendelea.

Kwa aliyesahau: katika Chicago ya siku zijazo, watu wamegawanywa makundi matano. Abnegation wanajinyima kwa ajili ya wengine, Amity wanashika amani, Candor hawasemi uongo, Dauntless wanatukuza ujasiri na Erudite wanatafuta elimu. Kijana akifika miaka 16 hupimwa, kisha kesho yake husimama mbele ya hadhara, hujikata kiganja na kudondosha damu yake katika bakuli la kundi analolitaka: mawe, udongo, vioo, makaa ya moto au maji. Baada ya hapo hakuna kurudi, kwa maana kundi hutangulia udugu wa damu. Beatrice Prior, mtoto wa Abnegation, damu yake inaangukia makaa.

Dai langu ni kwamba hakuchagua. Kitabu cha kwanza kinamsifu kwa kujiamulia, lakini cha tatu kinatuambia kwamba upekee wake ulitokana na vinasaba, na kwamba mji mzima ulikuwa jaribio la taasisi iliyokaa nje ikingoja watu wa namna yake wazaliwe kwa wingi. Ikiwa ndivyo, binti yule alikuwa akitekeleza kilichoandikwa mwilini mwake, nasi wasomaji tukaupigia makofi uhuru ambao haukuwapo. Nani atanitoa katika dai hili?

#2 Tafakuri
Dai ni zuri lakini limeruka hatua moja. Rudi kwenye kipimo chenyewe. Beatrice anaingizwa katika njozi ya dawa na kuambiwa achague kati ya jibini na kisu. Anauliza vitamsaidia nini, anakataa kuchagua, na vyote viwili vinatoweka. Kisha anajitokeza mbwa mkali. Anapiga magoti badala ya kukimbia, na baadaye mbwa huyo anapomrukia mtoto mdogo, anajitupa juu yake. Mwisho, ndani ya basi, mtu anamuuliza kama anamfahamu mtu aliye kwenye picha ya gazeti, naye anadanganya. Matokeo yake ni makundi matatu kwa pamoja: Abnegation, Dauntless na Erudite, na mtu wa namna hiyo asiyeingia katika kundi moja huitwa Divergent.

Maana yake ni kwamba hata tukikubali habari ya vinasaba, vinasaba hivyo vilimpa wigo mpana tu. Havikumtajia bakuli. Kijana aliyepata jibu moja ndiye aliyekuwa na kisingizio cha kusema alipangiwa. Huyu wa majibu matatu alilazimika kuamua bila msaada wa mtu wala mashine.

#3 Mzee wa Maktaba
Nashukuru kwa mada. Naona nyote wawili mnayazungumzia makundi kana kwamba ni aina za tabia, kama zile za majaribio ya kupima haiba. Lakini sikilizeni hotuba ya Marcus, kiongozi wa Abnegation, kabla ya vijana kuitwa. Anaeleza kwamba waasisi wa mji walikubaliana kuwa vita havikuletwa na siasa, dini, rangi wala utaifa, bali na ubaya uliomo ndani ya binadamu, kisha wakatofautiana kuhusu jina la ubaya huo. Waliolaumu ugomvi wakawa Amity, waliolaumu ujinga wakawa Erudite, waliolaumu hila wakawa Candor, waliolaumu ubinafsi wakawa Abnegation, na waliolaumu woga wakawa Dauntless.

Kwa hiyo makundi haya ni nadharia tano za chanzo cha uovu. Kijana haulizwi yeye ni mtu wa namna gani. Anaulizwa ni kitu gani kiliuharibu ulimwengu, na anatakiwa ajibu kwa damu yake akiwa na miaka 16. Kipimo cha haiba hakiwezi kumjibia swali hilo, na ndiyo sababu sheria yao wenyewe inamruhusu kuchagua kinyume cha matokeo.

#4 Binti Wino
Mzee wa Maktaba, kwa maelezo hayo mimi ningesimama mbele ya mabakuli mpaka ukumbi ufungwe na taa zizimwe.

Naongeza jambo ambalo halijatajwa. Vijana huitwa kwa kufuata alfabeti kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa hiyo Caleb anatangulia kabla ya dada yake Beatrice. Caleb, ambaye nyumbani alikuwa mfano wa kujinyima, anachagua Erudite, kundi linaloishambulia Abnegation waziwazi. Beatrice anapoitwa, wazazi wake wamekwisha kupoteza mtoto mmoja mbele ya macho ya watu wote. Yeyote aliyekuwa na ndugu aliyetangulia kuasi anafahamu uzito huo: mtoto wa pili huwa hachagui kwa ajili yake peke yake, anachagua pia kuhusu nafasi iliyoachwa wazi. Mimi nilikuwa mtoto wa pili. Kaka yangu alipoacha masomo ambayo baba alimwandalia, kila mtu nyumbani aligeuza macho kwangu, na mpaka leo siwezi kusema kwa uhakika kama fani yangu niliitaka au niliitwaa ili kuwatuliza.

#5 Nahodha
Mimi nitakuwa mkavu kidogo. Swali la uhuru haliwezi kujibiwa bila kuwatazama wasio na kundi. Wanalala katika majengo mabovu, wanafanya kazi ambazo hakuna anayezitaka, na wanalipwa chakula na nguo. Dauntless nao, chini ya sheria mpya anazozitetea Eric, mmoja wa viongozi wao, wanachukua vijana kumi tu walioshika nafasi za juu mwishoni mwa mafunzo. Wengine wanatupwa nje kuungana na hao hao fukara. Uchaguzi ambao adhabu yake ni njaa, tuuite kwa jina lake: ni shuruti yenye milango mitano.

#6 Mpekuzi
Mnatafuta mbali. Jibu limo ndani ya nyumba. Mama yake Beatrice alizaliwa Dauntless, baba yake alizaliwa Erudite, na wote wawili walihamia Abnegation. Sasa tazameni: binti anakwenda kwa asili ya mama, kijana wa kiume anakwenda kwa asili ya baba. Hakuna vinasaba vya ajabu wala falsafa hapo. Watoto walirithi kile ambacho wazazi walidhani wamekizika.

#7 Jicho Pevu
Mpekuzi, nusu ya bandiko lako imesimama na nusu imeanguka. Kuhusu baba uko sahihi. Kuhusu mama, Allegiant kinabadilisha habari kupitia shajara yake: Natalie alitoka nje ya mji kabisa, taasisi ikampandikiza Dauntless akiwa kijana, na kutoka hapo ndipo alipochagua Abnegation. Dauntless haikuwa asili yake.

#8 Mpekuzi
Hiyo inaipa nguvu hoja yangu. Mwanamke aliyepandikizwa mahali na watu wengine, akaacha alipopandikizwa na kuchagua pa kwake, ndiye aliyemlea Beatrice. Mwana hufuata kisogo cha nina.

#9 Jicho Pevu
Ndugu yangu, kuna hoja yoyote duniani ambayo haitaipa nguvu hoja yako?

#10 Saikolojia kwa Vitendo
Salaam kwenu. Nimefundisha vijana wa umri huo kwa muda mrefu, nami nadhani riwaya hii inaeleweka vizuri zaidi tukiwaleta watu wawili. Wa kwanza ni Erik Erikson, aliyeandika kuwa kazi kubwa ya ujana ni kuunda utambulisho, na kwamba kijana anahitaji kipindi cha kusitasita ambacho jamii inamruhusu ajaribu bila kufungwa na kila anachojaribu. Wa pili ni James Marcia, ambaye mwaka 1966 aliligawa wazo hilo katika hali nne kwa kuuliza mambo mawili: je, kijana amechunguza njia mbalimbali, na je, ameshika msimamo? Aliyeshika msimamo bila kuchunguza, kwa mfano aliyechukua imani au kazi ya wazazi kama ilivyo, ana utambulisho uliofungwa mapema. Anayechunguza bila kushika bado yumo katika kusitasita. Aliyechunguza kisha akashika ndiye aliyeufikia. Na yupo ambaye hafanyi lolote kati ya hayo.

Sasa, uovu wa mji wa Roth ni kwamba umekifuta kipindi cha kusitasita. Leo kipimo, kesho bakuli, na jioni yake unaruka kutoka kwenye treni. Hata anayehama anafungwa mapema, tofauti ni kwamba anafungwa katika nyumba nyingine. Beatrice anaanza kuchunguza baada ya kuchagua, jambo ambalo ni kinyume cha mpangilio, na nadhani ndiyo maana vijana wengi wanajiona ndani yake: wengi wao pia walitakiwa waamue kwanza, kujijua kukaahirishwa.

Niongeze jambo la pembeni. Erikson hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, akalelewa kwa jina la Homburger la baba wa kambo, baba yake mzazi hakumjua, na jina Erikson alilitwaa mwenyewe alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939.

#11 Tafakuri
Hilo la pembeni, mwalimu, kwangu ndilo kiini. Beatrice anaporuka kutoka juu ya jengo na kuangukia wavuni, akiwa wa kwanza kuruka, anaulizwa jina lake, na kwa mara ya kwanza anajiita Tris. Hakuna kipimo kilichompa jina hilo, hakuna hadhara iliyokuwa ikimsubiri, wala hakukuwa na orodha ya majina matano achague moja. Mleta mada anautafuta uhuru kwenye bakuli, nami nasema uko wavuni. Na Tobias, mkufunzi wake wa Dauntless na baadaye mpenzi wake, naye alifanya jambo linalofanana: alilishika jina la Four, lililotokana na hofu zake nne, akaliacha jina alilopewa na Marcus, baba aliyempiga.

#12 Nahodha
Kubadili jina hakumtoi mtu katika mafunzo yenye nafasi kumi.

#13 Kurasa Mia (mleta mada)
Nawashukuru wote, lakini naona mnalizunguka jambo nililolileta. Tafakuri amesema vinasaba vilitoa wigo tu. Hebu tukisome Allegiant kwa makini. Taasisi inaeleza kwamba serikali ya zamani ilijaribu kusahihisha binadamu kwa kuondoa vinasaba vya kasoro, na kila kasoro iliyoondolewa iling'oa na jambo jema lililoambatana nayo: ukiondoa ukali, motisha nao unaondoka, ukiondoa ubinafsi, uwezo wa kujilinda nao unakwenda. Vita vikafuata, kisha miji ikafungwa ili vizazi vijiponye polepole. Divergent ni mtu aliyepona. Yaani sifa ambayo kitabu cha kwanza kiliifanya ishara ya kukataa kuwekwa ndani ya kasha, kitabu cha tatu kinaifanya matokeo ya maabara. Ninachouliza ni kwa nini mwandishi aliibomoa nyumba yake mwenyewe.

#14 Mzee wa Maktaba
Hakuibomoa. Ni taasisi inayosema hayo, na taasisi ni wahusika kama wahusika wengine, tena wahusika wenye masilahi. Mwandishi anamweka Tobias hapo ili tuone. Tobias anaweza kuzishinda njozi za dawa, waliojua hilo walimdhania kuwa Divergent, lakini vipimo vya taasisi vinamwambia kwamba vinasaba vyake vimeharibika. Ni mtu yule yule wa jana. Kilichobadilika ni karatasi. Hata hivyo anaiamini karatasi hiyo, anayumba, anajiunga na njama ya Nita, mfanyakazi anayeiasi taasisi, bila kumsikiliza Tris, na mlipuko unaotokana na njama ile unamgharimu rafiki yao Uriah uhai wake. Kama vinasaba vingekuwa ndivyo vinavyoamua, tungemwona Tobias akitenda kwa kasoro hata kabla ya kuambiwa. Tunachokiona ni mtu anayeanza kutenda kama aliyevunjika baada ya kuelezwa kuwa amevunjika.

Wazo hili ni la zamani mno. Plato, katika Jamhuri, anapendekeza wananchi waambiwe kwamba mungu aliwachanganyia dhahabu watawala, fedha wasaidizi wao, na chuma au shaba wakulima na mafundi. Naye Plato hakuficha kwamba huo ni uongo, ila aliuona kuwa na manufaa. Taasisi ya Roth imebadilisha madini kwa vinasaba na kusahau kukiri.

#15 Kurasa Mia (mleta mada)
Mzee, hoja ya Tobias ni nzito na sina jibu lake la haraka. Lakini inamweleza Tobias. Tris aliambiwa kuwa yeye ni mzima, na kweli anaishi kama mzima: dawa hazimshindi, hata ile ya kifo anaipita mwishoni akiwa hai. Karatasi yake yeye ilisema kweli.

#16 Binti Wino
Hapo mleta mada amefunga bao, tukubali tusikubali.

#17 Mama Msomaji
Naomba kuingia kwa upande mwingine kabisa. Mnamjadili Tris mkamsahau Peter, aliyefunzwa pamoja naye Dauntless, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu pekee katika vitabu vyote vitatu anayechagua utambulisho kwa maana kamili ya neno. Peter ni mkatili. Alimchoma mwanafunzi mwenzao Edward jicho kwa kisu kwa sababu ya wivu wa nafasi. Mwishoni anajua kwamba yeye ni mkatili na amechoka kuwa hivyo, kwa hiyo anakunywa kwa hiari yake dawa ya kufuta kumbukumbu ili aanze kuwa mtu mwingine. Mnaona uzito wake? Tris alichagua kundi. Peter alichagua kutokuwepo.

Halafu mwandishi, kwa ujanja, anatuambia katika sehemu ya kufunga kwamba baada ya muda sehemu fulani za ukali wake wa zamani zilirudi, ingawa si zote. Ningependa kumsikia mleta mada hapa: zilizorudi ni vinasaba, na zisizorudi ni nini?

#18 Saikolojia kwa Vitendo
Swali hilo linastahili uzi wake. Nitasema tu kwamba watafiti wa haiba hawagawi watu katika masanduku. Wanapima kila sifa kwa kiwango, kidogo hadi kingi, na wanaona kwamba urithi una sehemu yake bila kumaliza hesabu. Peter aliyerudi nusu si ajabu kwao. Ajabu kwao ingekuwa mji wenye watu wa aina tano kamili.

#19 Mpekuzi
Mama Msomaji, nakubaliana na yote isipokuwa hilo la mwisho. Mtu anayefuta kumbukumbu zake hachagui utambulisho, anaukimbia. Hatakumbuka hata sababu ya kuukimbia.

#20 Mama Msomaji
Na Tris aliyehama nyumbani kwa sababu alijiona hafai kujinyima, yeye hakukimbia?

#21 Kijana wa Juzi
Habari zenu. Mimi nimetazama filamu zote tatu na Tris yuko hai mwishoni, sasa sielewi hii habari ya dawa ya kifo inatoka wapi.

#22 Jicho Pevu
Karibu, na pole kwa utakayoyasoma. Filamu zilitoka 2014, 2015 na 2016. Kitabu cha tatu kilikatwa vipande viwili, na kipande cha pili hakikutengenezwa kamwe, kwa hiyo hadithi ya sinema imeishia njiani. Katika kitabu, Caleb ndiye aliyepaswa kuingia chumba cha silaha, safari ambayo ilionekana haina kurudi. Tris anachukua nafasi yake, anaipita dawa ya kifo, anapigwa risasi na David, mkuu wa taasisi, na anaiachilia dawa ya kufuta kumbukumbu kabla ya kukata roho.

#23 Kijana wa Juzi
Nilionywa kwenye bandiko la kwanza na bado nikasoma.

#24 Binti Wino
Ulichagua mwenyewe, mdogo wangu, huo ndio uzi wenyewe. Ila wasomaji makini walishtuka mapema, maana vitabu viwili vya kwanza vinasimuliwa na Tris peke yake, na cha tatu ghafla kinampa Tobias sura zake. Msimulizi wa pili hakuletwa bure.

#25 Nahodha
Kifo hicho kinanipa nguvu. Binti aliyeikimbia Abnegation anakufa kifo cha Abnegation, akijitoa kwa ajili ya ndugu aliyemsaliti. Mzunguko umefunga alipoanzia. Alitembea vitabu vitatu akarudi pale pale alipolelewa, na tunaitaje hiyo kama si malezi?

#26 Tafakuri
Hapana, ndugu Nahodha, kwa sababu mwandishi ametuwekea tukio la kulinganisha. Katika Insurgent, Tris anajisalimisha kwa Jeanine Matthews, kiongozi wa Erudite, ili watu wengine wasiuawe, na kwa juu juu inaonekana ni kujitoa vilevile. Lakini pale alikuwa amelemewa na hatia ya kumuua rafiki yake Will, na sehemu yake ilitaka kufa. Anatambua baadaye, akiwa mikononi mwao, kwamba anataka kuishi. Katika Allegiant anaingia akiwa anapenda maisha, ana mtu anayempenda, na ana matumaini ya kutoka salama. Vitendo viwili vinafanana kwa sura, na mtendaji ni mmoja, lakini cha kwanza kilimsukuma na cha pili alikishika. Malezi yalimpa lugha ya kujitoa. Hayakumwambia lini aitumie.

#27 Mama Msomaji
Mimi ni mzazi, na bandiko #26 nimelisoma mara mbili. Ila bado nauliza kwa nini hadithi za wasichana jasiri zinakubali kwa urahisi hivyo kwamba ushahidi wa mwisho wa kujijua ni kufa. Caleb alikosa, Caleb alijitolea kulipa, na dada yake akamnyang'anya hata nafasi ya kuchagua kulipa. Huyo kaka naye alikuwa na haki ya uamuzi wake.

#28 Mzee wa Maktaba
Hilo la Caleb sijawahi kuliona likisemwa. Nitarudi baada ya kuisoma tena sura hiyo.

#29 Kijana wa Juzi
Kwa kuwa siri zote nimekwisha kuzijua, naomba ushauri mmoja. Kuna kitabu cha nne kinachosimuliwa na Tobias. Nikisome kabla ya hivi vitatu au baada?

#30 Jicho Pevu
Baada ya cha kwanza angalau. Kinaitwa Four, kilitoka 2014, na ni mkusanyo wa hadithi fupi, nyingi zikitangulia matukio ya Divergent. Utaona humo kwamba kipimo cha Tobias kilimpa Abnegation bila utata wowote, naye akaenda Dauntless ili tu atoke katika nyumba ya Marcus. Mleta mada atafurahi au atakasirika, sijui.

#31 Kurasa Mia (mleta mada)
Nitakasirika. Mwenye vinasaba vibovu anakaidi kipimo chake, mwenye vinasaba vizima anakosa kipimo cha kukaidi. Nipeni muda nikisome hicho cha nne, kisha nitamjibu Mama Msomaji kuhusu Peter, maana #17 bado sijaigusa.